Mbwa wawili, watoto wao wanne, na mtoto mdogo ndani ya nyumba: magonjwa gani ya kuogopa kweli?

mlinda_geti

Wakuu, kwema?

Nyumba iko Kibaha, uwanja wa mchanga, uzio wa michongoma. Mbwa ni wawili wa kienyeji, dume na jike, na jike ana watoto wanne wa wiki tatu. Ndani kuna mtoto wa miaka miwili ambaye kidole hakimtoki mdomoni, na mama yake ana ujauzito wa miezi mitano. Kila mtu ana lake. Jirani anasema manyoya ya mbwa ndiyo yanayoleta minyoo na pumu. Shangazi anataka mbwa waondoke mpaka mama ajifungue. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo katoa chupa ya aivamektini ya ng'ombe, eti sindano moja inamaliza kila kitu.

Naomba wanaojua wanieleze: ni magonjwa gani hasa hutoka kwa mbwa kuja kwa mtu, yanapita wapi, na ratiba ya dawa na chanjo iweje? Tafadhali msiniambie tu "zingatia usafi". Usafi wa nini, lini, kwa kutumia nini?

---

daktari_mifugo_Moro

Mkuu, anza na njia, majina ya magonjwa yatafuata. Kitu cha mbwa humfikia mtu kwa njia nne: mate yakiingia kwenye jeraha, kinyesi kikiingia mdomoni au kikikanyagwa kwa mguu mtupu, mkojo, na ngozi kwa ngozi pamoja na wadudu wanaohama. Manyoya hayazai minyoo. Kuhusu pumu, mba na mate ya mbwa yanaweza kumwamshia pumu mtu ambaye tayari ana mzio, lakini huo si ugonjwa wa kuambukizwa.

Kwako wewe, wa kushughulikiwa kwanza ni wale watoto wanne. Mtoto wa mbwa wa kienyeji chukulia amezaliwa na minyoo ya mviringo, Toxocara canis, mpaka ithibitike vingine. Lava, yaani minyoo hiyo ikiwa bado michanga, hulala kwenye misuli ya mama miaka mingi bila dawa kuzifikia. Akishika mimba zinaamka, zinapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto, nyingine zinafuata kwenye maziwa. Wakifika wiki ya tatu, yaani sasa hivi kwako, watoto wanaanza kumwaga mayai kwenye kinyesi, na mnyoo mmoja wa kike hutaga makumi ya maelfu kwa siku.

Yai hilo likitoka leo halina uwezo wa kumwambukiza mtu leo. Linahitaji wiki mbili hadi nne kwenye udongo wenye kivuli na unyevu ndipo liive. Kwa hiyo hatari ya mtoto wako haiko sana kwenye kumshika mbwa, iko kwenye mchanga ambao mbwa alijisaidia mwezi uliopita. Ukizoa kila siku, umelikata kabla halijaiva. Ukiliacha likaiva, ganda lake ni gumu ajabu: jiki haiui, dawa za kunukia za choo haziui, na linaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka. Linalolimaliza ni maji yanayochemka, moto, au kukauka kabisa juani.

Namna ya kuzoa nayo ina makosa yake. Ufagio wa chelewa asubuhi unasambaza kinyesi kilichokauka uwanja mzima. Tumia koleo, chota pamoja na mchanga wa chini yake kama sentimita tatu, tumbukiza kwenye choo cha shimo, au fukia nusu mita mbali na kisima. Usikitie kwenye tuta la mchicha, hata kama mtu atakwambia ni mbolea.

Mtoto akimeza yai lililoiva, lava haikui kuwa mnyoo mzima ndani yake. Inazurura: ini, mapafu, wakati mwingine jicho. Dalili ni homa za kuja na kuondoka, kikohozi cha kukoroma kama pumu, tumbo kujaa. Ikiingia jichoni, mtoto anaweza kuanza makengeza ya jicho moja au mboni ikaonekana nyeupe. Hapa wengi hupotea, kwa sababu choo cha mtoto hupimwa na kuonekana safi. Lazima kiwe safi, maana lava haikui ikawa mnyoo wa kutaga utumboni. Anayeshuku amwambie daktari wazi kwamba nyumbani kuna watoto wa mbwa, ili aangalie eosinofili kwenye damu, yaani zile seli nyeupe zinazoongezeka mwili ukipambana na minyoo.

Minyoo ya safura ya mbwa ni habari nyingine. Lava zake hutoka kwenye mchanga wenye joto na unyevu ndani ya wiki moja hivi na kuingia kwenye ngozi tupu: nyayo, makalio ya mtoto anayekaa chini. Unaona mstari mwekundu unaotambaa na kuwasha sana, ukisogea sentimita moja mbili kwa siku. Wa ufukweni wanaujua. Mtu mzima hutibiwa kwa albendazoli miligramu 400 kwa siku, siku tatu, au aivamektini ya binadamu dozi moja kwa uzito. Mtoto mdogo na mjamzito waamuliwe na daktari.

Sasa dawa ya watoto wa mbwa. Kawaida ni wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila miezi mitatu maisha yote. Wako wamepitwa na ya kwanza, anza leo, na mama yao apewe siku hizo hizo kwa sababu anawalamba na kumeza vinavyotoka. Fenbendazoli miligramu 50 kwa kila kilo, siku tatu mfululizo. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, hivyo mtoto wa kilo 1 anapata nusu mililita kwa siku, wa kilo 2 mililita moja. Lakini dukani kuna ya asilimia 2.5 pia, ya mbuzi na kondoo, na hiyo ni mililita 2 kwa kilo. Soma lebo kabla ya kuvuta bomba. Pima uzito kwa mizani ya jikoni, mama yao mbebe upande mizani ya kawaida kisha toa uzito wako. Kukadiria kwa macho ndiko kunakofanya watu waseme dawa haifanyi kazi.

Kurudia kila wiki mbili kuna sababu: dawa hukamata minyoo iliyo utumboni tu. Zilizo bado safarini kwenye ini na mapafu zinafika utumboni siku chache baadaye, na dozi inayofuata inazisubiri hapo.

Na shangazi umwambie hivi: ugonjwa wa paka ambao wajawazito huonywa, toksoplazma, mbwa si msambazaji wake. Mama asizoe kinyesi, anawe kabla ya kula, inatosha. Mbwa wabaki.

---

tabibu_wa_zamu

Daktari kaeleza vizuri, ila mimi ningeanza na mate, kwa sababu minyoo inakupa muda na kichaa cha mbwa hakikupi. Dalili zikishaanza kwa mtu, kuogopa maji, kukabwa koo, kuweweseka, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote Afrika na Asia, na takriban nne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, anang'atwa usoni na shingoni, na kirusi kinasafiri kwa mishipa ya fahamu. Kadiri jeraha lilivyo karibu na ubongo ndivyo safari inavyokuwa fupi. Kwa wengi ni miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au mwaka.

Mbwa yeyote akimng'ata mtu, hata wa ndani ya geti:

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 za saa, mtoto akilia alie. Kirusi hiki kimevaa utando wa mafuta na sabuni ya mche ya kawaida inauvunja. Bomba likikosekana, mtu mmoja amimine kwa jagi na mwingine asugue taratibu, ndoo mbili zinatosha. Kisha ayodini au spiriti. Usiweke pilipili, maji ya betri, mafuta ya taa, unga wa kahawa wala jani la kutafuna. Vinachoma nyama, na vinampa mtu imani ya uongo kwamba ametibiwa. Usifunge kwa nguvu, na jeraha lisishonwe haraka haraka. Likilazimu kushonwa, imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari dhidi ya kirusi, iingie kwanza.

Kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo. Kuguswa au kulambwa kwenye ngozi nzima hakuhitaji chanjo. Mkwaruzo mdogo bila damu ni chanjo. Ngozi ikitoboka, au mate yakiingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, ni chanjo na imunoglobulini. Chanjo kwenye misuli hupigwa siku ya 0, 3, 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Vituo vingine huchoma chini ya ngozi ya juu, mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7, na inafanya kazi sawasawa kwa dawa kidogo. Mtu mzima hupigwa begani, mtoto mdogo pajani. Ukiona mtu anaelekeza sindano ya kichaa cha mbwa kwenye kalio, mzuie kwa heshima, kinga inayopatikana huko ni dhaifu. Imunoglobulini ya binadamu ni yuniti 20 kwa kilo, ya farasi 40, nayo huingizwa ndani na pembeni mwa jeraha lenyewe. Ikipita siku ya saba tangu dozi ya kwanza ya chanjo haina faida tena.

Ujauzito haukatazi chochote katika hivyo. Pepopunda nayo ikumbukwe. Na kwa mtu aliyetolewa wengu au mwenye kinga dhaifu, jeraha la mbwa hata dogo linahitaji antibaotiki mapema, kwa sababu mdomo wa mbwa mzima wa afya una bakteria wanaoweza kumlaza mtu huyo ndani ya siku mbili.

---

mlinda_geti

Asanteni sana. Tabibu, huku mtaani tunaambiwa mfungie mbwa siku kumi, akifa ndiyo uende hospitali. Hiyo ikoje? Na mbwa wangu wana chanjo ya mwaka juzi.

---

tabibu_wa_zamu

Siku kumi ni za kweli, ila watu wameziweka upande usio wake. Mbwa huanza kutoa kirusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na zikianza hufa ndani ya siku kumi hivi. Kwa hiyo mbwa aliye hai na mzima siku ya kumi hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata. Siku hizo ni za kuamua kama chanjo iliyokwisha kuanza *isimamishwe*. Hazikuruhusu kuchelewa kuianza. Anza leo, mfunge mbwa, siku ya kumi akiwa mzima daktari anasitisha zilizobaki. Na kanuni hiyo ni ya mbwa na paka tu, usiitumie kwa mbweha wala fisi.

Kosa la pili ni kumpiga mbwa mawe mpaka kichwa kinapasuka. Kipimo kinafanywa kwenye ubongo. Mbwa akishakufa, afisa mifugo aitwe, kichwa kikatwe na mwenye glovu na miwani, kiwekwe kwenye mifuko miwili ndani ya kibebea chenye barafu. Kisitiwe formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti.

Chanjo ya mwaka juzi imepita wakati kwa chanjo nyingi za mwaka mmoja mmoja. Daktari atakwambia.

---

daktari_mifugo_Moro

Wachanje tena wote wawili wiki hii: mililita 1 chini ya ngozi, kisha kila mwaka, isipokuwa lebo iseme miaka mitatu. Hesabu wiki tatu hadi nne kabla kinga haijakaa sawa. Watoto wanachanjwa wakifika miezi mitatu, lakini ikipita kampeni mtaani kabla ya hapo wapeleke hivyo hivyo, halafu warudie wakifika umri.

Muulize mchanjaji chupa imetoka wapi. Inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Kuna utafiti uliofanyika Tanzania ulioonyesha chanjo moja ya mbwa ilistahimili nyuzi 25 kwa miezi sita bila kupoteza nguvu, na hilo limesaidia vijiji visivyo na friji, lakini isiwe ruhusa ya chupa kuzungushwa juani kwenye pikipiki siku nzima.

Na usichanje wako ukamwacha wa jirani. Kirusi kinakosa pa kwenda pale mbwa wapatao 70 katika kila 100 wanapokuwa na kinga. Pemba ni mfano mzuri. Kisiwa kilichanja, kichaa cha mbwa kikaisha kufikia 2014, kikaingia tena 2016 baada ya chanjo kulegea, wakachanja upya mpaka kikazimika. Kama bahari haikuzuia, uzio wa michongoma utazuia nini?

---

boma_la_Longido

Daktari, nakupinga sehemu moja. Umesema mayai ya kinyesi yanahitaji wiki mbili. Hayo ni ya minyoo ya mviringo. Kuna tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus, ambaye yai lake linatoka likiwa limeiva tayari. Linaganda kwenye manyoya ya nyuma na kwenye pua ya mbwa anayejilamba. Hapo ndipo kumshika mbwa kisha kula bila kunawa kunakuwa na maana.

Tegu huyu ana urefu wa milimita 3 hadi 7. Huwezi kumwona kwenye kinyesi hata ukitazama kwa makini, na mbwa mwenye maelfu yao ananenepa na kukimbia kama kawaida. Mbwa anaupata kwa kula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia yenye vifuko vya maji. Mtu akimeza yai, kifuko hicho hicho kinaota ndani yake, mara nyingi kwenye ini, mara nyingine mapafu, polepole kwa miaka, mpaka tumbo linavimba kama mimba. Kikipasuka ghafla maji yake yanaweza kumuua mtu kwa mzio mkali, ndiyo maana hakichomwi sindano ovyo. Wanapima kwa ultrasaundi, halafu ni albendazoli ya muda mrefu, kunyonya maji ya kifuko kwa sindano kwa utaratibu maalumu, au upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa na viwango vya juu kuliko karibu popote duniani, na shirika la afya la AMREF liliendesha mradi wa kuudhibiti huko tangu 1983.

Mtasema hayo ni ya wafugaji wa mbali. Kibaha mbwa wanalishwa nini? Mapafu na bandama za bei rahisi kutoka machinjioni, na matumbo ya mbuzi wa Idi au wa harusi aliyechinjwa uani bila mkaguzi. Mapafu hayo chemsha vipande vidogo kwa dakika 40 tangu maji yaanze kutokota. Pafu zima linaelea, nje linaiva na katikati linabaki bichi, kwa hiyo likate kwanza na uliwekee kifuniko kizito. Ini lenye vifuko choma moto au fukia mita moja na uweke mawe juu, maana mbwa wa mtaa mzima watakuja kufukua.

Dawa ni prazikwanteli miligramu 5 kwa kilo, yaani kidonge cha miligramu 50 kwa mbwa wa kilo 10. Kila wiki sita kama anakula nyama mbichi au anazurura machinjioni, kwa kuwa tegu anahitaji muda huo hivi kukomaa na kuanza kutoa mayai. Fenbendazoli uliyoandikiwa hapo juu usiitegemee kwa huyu. Siku mbili baada ya dozi mfunge mbwa, kinyesi chake choma: dawa inaua tegu, mayai yaliyo ndani yake haiui.

---

daktari_mifugo_Moro

Nakubali, na nashukuru. Niliandika nikimwaza mtoto na mchanga.

Narudi kwenye ile chupa ya aivamektini. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, imetengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Kwa dozi ya miligramu 0.2 kwa kilo, mtoto wa mbwa wa kilo moja angehitaji mililita 0.02. Kwenye bomba la mililita 5 hakuna mstari huo. Muuzaji anavuta "kidogo tu", kidogo hiyo ni nusu mililita, na mtoto amepata mara ishirini na tano. Atayumba, mboni zitatanuka, atatokwa ute, atapofuka kwa muda, kisha anazimia. Watoto wa wiki tatu hawapewi. Mbwa wenye damu ya collie, mbwa wachungaji wa Kizungu, wanaweza kufa hata kwa dozi ambayo wengine wanaistahimili. Na pamoja na yote hayo, haigusi tegu hata mmoja. Irudishe dukani.

Ngozi na wadudu, kwa kifupi:

Upele wa mbwa unaoanza kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, mbwa akijikuna usiku kucha, unamrukia mtu. Unaonekana kama vipele kwenye mikono na kiunoni, hasa kwa anayempakata. Mdudu huyo hawezi kuzaliana kwa binadamu, kwa hiyo mtu hupona mbwa wakitibiwa. Lakini watibiwe wote siku moja. Amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa lita ya maji, mbwa aloweshwe mpaka ngozini, akauke bila kusuuzwa, uvae glovu na ufanyie nje. Asioshwe nayo anayenyonyesha wala wa chini ya miezi minne, hivyo jike wako subiri. Kwake tafuta fipronili ya kupuliza ambayo lebo inaruhusu wanaonyonyesha. Watu wengi hutia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha "kifuniko kimoja". Vifuniko havilingani.

Mapunye nayo hupita, mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, kwa mtoto kichwani. Viroboto wana hatari yake: mtoto akimeza kiroboto anapata tegu mwingine, yule unayeona punje kama za mchele zikitembea kwenye mkundu wa mbwa. Prazikwanteli humtoa, ila usipoua viroboto atarudi ndani ya wiki chache. Kupe usiminye kwa kucha. Mshike kwa koleo ndogo karibu na ngozi, vuta wima, mtumbukize kwenye spiriti. Mtu akipata homa na kovu jeusi mahali alipong'atwa na kupe, amwonyeshe daktari kovu hilo, maana kipimo cha malaria hakitasema kitu.

Funza mnaowajua nao wanaishi kwa mbwa. Angalia kati ya vidole na chini ya nyayo za mbwa kila wiki. Lava wake hukua kwenye vumbi kavu mahali mbwa anapolala, kwa hiyo kumtibu mtoto huku banda la mbwa likiwa la vumbi ni kazi bure. Sakafu ya saruji, au udongo ulioshindiliwa na kunyunyiziwa maji. Pini moja isizunguke miguu ya watoto watatu.

Na ambayo hayapiti: parvo ya mbwa, distempa, na ule uvimbe wa sehemu za siri wa kuambukizana mbwa kwa mbwa. Ila distempa huweza kufanya mbwa atetemeke na kutokwa mate kama mwenye kichaa, hivyo asishikwe na asiyejua.

---

afya_kijijini_Lindi

Mkojo hakuna aliyeugusa. Leptospira, ambayo huku imebaki na jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Ruangwa mwaka 2022 uliopata watu 20 na kuua watatu. Mwenye nayo mkuu ni panya, mbwa yuko katikati: anakunywa dimbwi la mkojo wa panya, anaumwa au haumwi kabisa, kisha anatoa bakteria kwenye mkojo wake kwa miezi.

Bakteria hao wanapenda maji na tope, jua na ukavu unawaua. Kwa hiyo masika ndiyo msimu wake. Mbwa akiwa na homa, anatapika na macho yana manjano, mkojo wake usiguswe kwa mikono mitupu. Sakafu ya banda mimina jiki sehemu moja kwa kumi ya maji, subiri dakika kumi, ndipo usuuze kwa maji ya kumimina taratibu. Usipige kwa mpira wa maji ya kasi, matone yanaruka machoni na puani.

Kuna chanjo ya mbwa, dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne, kisha kila mwaka, mara nyingi huwa kwenye chupa moja na parvo na distempa. Lakini nafuu kubwa kuliko chanjo ni bakuli. Pumba na ugali wa mbwa ukibaki usiku, umewaalika panya. Mpe saa kumi na mbili jioni, saa moja bakuli limeinuliwa, na maji ya kunywa yabadilishwe asubuhi.

Kwa mtu: homa ya ghafla, mashavu ya miguu kuuma mpaka kutembea shida, macho mekundu bila usaha, baadaye manjano au damu puani. Malaria ikipimwa hakuna, mtaje mbwa na panya kwa tabibu. Antibaotiki zikianza mapema husaidia sana, na kwa mjamzito na mtoto mdogo doksisaiklini si chaguo la kwanza, zipo nyingine.

---

mlinda_geti

Aivamektini imerudi dukani. Fenbendazoli ni ya asilimia 10, watoto wana kati ya gramu 900 na kilo 1.2, kwa hiyo nimeweka mililita 0.45 hadi 0.6. Swali la mwisho: watu wanataka kuchukua watoto wakifika wiki sita, na jike nataka afungwe kizazi. Lini?

---

daktari_mifugo_Moro

Hesabu yako iko sawa. Tumia bomba la mililita 1, ingiza pembeni mwa shavu, polepole, kichwa kisiinuliwe sana asije akavuta dawa kwenye mapafu. Ukiona minyoo inatoka kesho kama tambi nyeupe, choma, usishtuke. Tumbo likijaa ghafla na akaanza kutapika minyoo, mlete.

Wiki sita ni mapema, wape wakifika nane. Kila anayechukua apewe karatasi yenye tarehe za dozi, jina la dawa na tarehe ya chanjo ya kichaa, ambayo itakuwa wiki ya 12. Chanjo ikipigwa, bandiko la chupa lenye namba ya toleo libandikwe kwenye kadi. Kadi iliyoandikwa "amechanjwa" tu, siku mtoto wa mtu aking'atwa haimsaidii tabibu kuamua chochote.

Jike afungwe kizazi wiki tano au sita baada ya kuachisha, maziwa yakiwa yamekauka. Ukimwahi kabla ya hapo matiti yana damu nyingi na kidonda kinasumbua. Mpaka siku hiyo mfungie mbali na dume wako, maana hatakwenda kutafuta wa mtaani akiwa naye hapo hapo getini.